Majina kama Alama za Kihistoria katika Njia ya Nyika ya Taru

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumkejeli mtu asiyeelewa mafumbo, lakini yaweza pia kumhusu msafiri aendaye kwa basi kutoka Mombasa kuelekea Nairobi. Baada ya kupita Mazeras, minazi hupungua, ardhi huwa nyekundu na vichaka vya miiba hutanda pande zote mbili za barabara. Mabango madogo humpita msafiri huyo mmoja baada ya mwingine: Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu. Huyasoma kwa sekunde moja na kuyasahau kwa sekunde ya pili. Hapati habari kwamba anasoma kumbukumbu za watu waliopita hapo kwa miguu, wakiwa na mizigo vichwani na maji ya kuhesabu katika vibuyu.

Katika nchi nyingi, njia za kale zipitazo jangwani zimewekewa alama za kihistoria: nguzo, rundo la mawe au kibao cha shaba kielezacho ni nani aliyepita na ni mwaka gani. Katika nyika ya Taru alama za namna hiyo ni chache mno. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo si tupu kama linavyoonekana, kwa sababu kazi ambayo kwingineko hufanywa na jiwe, hapa hufanywa na jina. Makala yanaeleza jinsi majina ya njia hii yalivyoundwa, yanavyohifadhi historia ya misafara na ya makazi ya awali, na hatari inayoyakabili.

Nyika na Njia

Taru si jangwa la mchanga. Ni nyika kavu ya vichaka vya miiba na mibuyu, iliyoko kati ya ukanda wa pwani wenye rutuba na milima ya Taita. Wasafiri wa karne ya 19 waliiita jangwa kwa sababu moja tu: maji. Katika majira ya kiangazi, mtu aliyeondoka Taru hakuwa na tumaini la maji ya uhakika mpaka afike Maungu, na hata hapo maji hayakuwa njiani bali juu ya kilima, kwa hiyo wapagazi waliochoka walilazimika kupanda kuyafuata.

Njia yenyewe haikuanzishwa na Wazungu. Wakamba walikuwa wakileta pembe za ndovu pwani kwa misafara yao wenyewe kabla ya katikati ya karne hiyo, na wafanyabiashara Waswahili walikuwa wakienda Taita, Taveta na Uchagani. Wamishonari walikuja kuifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Johannes Rebmann alipovuka nyika hii mwaka 1848, aliongozwa na Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei mwaka huo Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Jambo la kuwavutia wanafunzi wa lugha ni kwamba alipouliza weupe ule ni nini, kiongozi wake alimjibu kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Wataalamu wa Ulaya walibishana kwa miaka kadhaa kuhusu kuwepo kwa theluji karibu na ikweta, ilhali jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na mtu wa njiani kwa lugha yake.

Mnamo Machi 1883 Joseph Thomson aliondoka Rabai kuelekea nchi ya Wamaasai, akaivuka Taru kwa mwendo wa kulazimisha kwa sababu ya uhaba wa maji. Miongoni mwa wanyapara wake alikuwamo Manwa Sera, ambaye tayari alikuwa amevuka bara zima pamoja na Stanley. Katika vitabu, safari hizi hutajwa kwa majina ya wageni. Hata hivyo, waliojua ni wapi pa kulala na ni wapi pa kuteka maji ni akina Bwana Kheri na Manwa Sera, pamoja na mamia ya wapagazi wasiotajwa popote. Hawakuandika vitabu. Walichoacha ni majina.

Majina ya Maji na Miti

Kundi la kwanza la majina ni lile litoalo habari kuhusu mazingira. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Maji ya Chumvi. Kimuundo, jina hili ni kirai nomino kamili: nomino maji, kiunganifu ya na nomino chumvi. Halina kiambishi cha mahali. Halisemi kwamba hapa ni mahali fulani, bali linatoa onyo. Mpagazi aliyesikia kwamba kambi inayofuata ni Maji ya Chumvi alielewa mara moja kuwa maji yapo, lakini hayafai kutegemewa. Kibao cha shaba kisingeweza kumwambia zaidi ya hayo, na kwa hakika kisingemfaa kabla hajafika. Jina humtangulia msafiri. Hulipata kambini jana yake na likamsaidia kuamua ajaze kibuyu au la.

Kisa cha jina hili hakikuishia hapo. Wanajiolojia walipochunguza miamba ya nyuma ya pwani ya Kenya, waliyapa matabaka yake majina ya vituo vya njia hii hii: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras. Hadi leo, mtaalamu wa miamba aliyeko Ulaya au Marekani akiandika kuhusu matabaka ya Duruma, hana budi kuandika maneno matatu ya Kiswahili yaliyotungwa na watu wenye kiu.

Taru yenyewe ilijulikana kwa mashimo ya asili yaliyomo katika miamba yake, ambayo hujaa maji wakati wa mvua na kuyahifadhi kwa muda baada ya mvua kukatika. Mashimo hayo ndiyo yaliyoifanya Taru kuwa kambi. Palipo na mwamba uwezao kukinga maji, msafara ulisimama. Palipo na mchanga unywao maji, msafara ulipita. Ramani ya kambi za kale, kwa hiyo, ni ramani ya miamba.

Kundi hili lina pia majina ya miti. Mbuyuni, katika njia ya magharibi iendayo Taveta, ni nomino mbuyu pamoja na kiambishi -ni cha mahali. Tofauti na Maji ya Chumvi, jina la aina hii halitoi onyo bali huelekeza: tafuta mbuyu, ndipo hapo. Katika nchi tambarare yenye vichaka vinavyofanana, mti mkubwa unaoonekana kutoka mbali ni alama bora kuliko nguzo yoyote. Kaskazini zaidi iko Makindu, jina ambalo huhusishwa na mkindu, ule mti ambao makuti yake hutoa ukindu wa kusukia mikeka. Mkindu hupenda kumea palipo na maji karibu. Anayeujua mti huo hahitaji kuambiwa kwamba Makindu palikuwa mahali pa kupumzika.

Si majina yote ya njia hii yaliyo ya Kiswahili, wala haikustahili kuwa hivyo. Mtito Andei ni jina la Kikamba ambalo hufasiriwa kuwa msitu au kichaka cha tai wala mizoga. Mariakani hunasibishwa na mapodo ya mishale katika lugha za wenyeji. Kila jamii iliyoitumia njia ilitia alama yake, na msafara mmoja ungeweza kupita katika lugha tatu au nne kabla ya kufika Ukambani.

Majina ya Makazi ya Awali

Njia ya jangwani huwa na vichwa viwili, na katika kila kichwa watu hujenga. Upande wa pwani, kichwa cha njia ya Taru kilikuwa Rabai. Kabla ya mmishonari yeyote kufika, Warabai walikuwa wakiishi katika kaya zao zilizozungukwa na msitu. Moja ya kaya hizo ni Mudzi Muvya. Mwanafunzi wa isimu linganishi hatapata tabu kuona uhusiano wa jina hili na Kiswahili: mudzi ni mji, na muvya ni mpya. Pale Kiswahili kilipodondosha irabu ya kiambishi mu- na kubakiza m- peke yake, Kirabai kimeihifadhi. Dz ya Kirabai hulingana na j ya Kiswahili, na vy hulingana na py. Johann Ludwig Krapf, aliyeanzisha kituo chake hapo mwaka 1846, aliandika jina hilo kwa umbo la Kiswahili, Rabai Mpya.

Mji huo ulioitwa mpya sasa ni mkongwe. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, zikiwemo za Rabai, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo neno muvya halikubadilika. Linaendelea kushuhudia kwamba wakati fulani watu walihama, wakaacha mji wa zamani na kuanza upya. Jina hukumbuka siku ya kwanza ya makazi hata baada ya wakazi kuisahau.

Rabai palikuwa pia mahali pa hifadhi kwa watumwa waliotoroka. Mwanzoni mwa mwaka 1889, watumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia katika vituo vya misheni walipewa hati za uhuru baada ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki kuwalipa fidia waliodai kuwamiliki. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mnamo 1875, makazi ya watumwa waliokombolewa yalikuwa yameanzishwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Yaliitwa Freretown kwa heshima ya Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja katika juhudi za kukomesha biashara ya watumwa, juhudi zilizozaa mkataba wa 1873 na Sultani Barghash.

Katika makazi haya pana jambo la kuzingatiwa sana. Mahali hapo pana mnara mdogo wenye kengele, ambayo ilipigwa kuwatahadharisha wakazi palipokuwa na hatari ya kuvamiwa. Jina rasmi lilimsifu balozi. Wenyeji nao walipaita Kengeleni. Majina yote mawili yangali yanatumika, lakini yanakumbuka mambo tofauti. Moja linakumbuka mjumbe aliyetumwa kujadiliana, na jingine linakumbuka sauti iliyowaamsha watu usiku ili wasirudishwe utumwani. Atakaye kujua jinsi uhuru ulivyoonekana kwa macho ya mtumwa aliyekombolewa atajifunza zaidi kutokana na kiambishi -ni cha Kengeleni kuliko kutokana na jina la Frere.

Majina ya Watu

Kundi la tatu ni la majina ya watu, na hapa mabadiliko ya mamlaka huonekana dhahiri. Voi, kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenea, hunasibishwa na mfanyabiashara wa Kikamba aitwaye Kivoi. Kivoi wa Kitui anajulikana katika historia: ndiye mwenyeji wa Krapf mwaka 1849, Krapf alipouona Mlima Kenya. Iwapo masimulizi hayo ni ya kweli, basi jina la Voi ni alama ya enzi ambapo mkubwa wa njia alikuwa mwenye msafara wa pembe.

Enzi iliyofuata iliacha Mackinnon Road. Sir William Mackinnon, mwenye meli kutoka Uskochi, alikuwa kiongozi wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kampuni ilianza kutengeneza barabara ya kuelekea Kibwezi mwaka 1890, na barabara hiyo ikapewa jina lake. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896 na kuichukua kazi ya barabara, lakini jina lilibaki kwenye kituo na mji. Mji ukawa unaitwa barabara. Hata hivyo, wasafiri wengi wasimamao hapo hawamkumbuki Mackinnon. Husimama kwenye msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali, mjenzi wa reli kutoka Bara Hindi ambaye husimuliwa kwamba karai la mzigo lilielea juu ya kichwa chake. Jina ni la mwenye kampuni; heshima ni ya mfanyakazi.

Mbele zaidi iko Sultan Hamud, iliyopewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja kati ya 1896 na 1902. Katika njia moja, basi, wamepangana mwenye msafara, mwenye kampuni na mfalme. Asiyeonekana ni mpagazi. Hata vita vya kwanza vya dunia, vilivyopiganwa katika nyika hii hii kutoka Maktau hadi Taveta, havikulirekebisha jambo hilo papo kwa papo. Mbuyuni, ambako majeshi ya Uingereza yalirudishwa nyuma tarehe 14 Julai 1915, kunajulikana kwa vitabu vya kijeshi. Maelfu ya wapagazi waliobeba chakula na maji ya majeshi hayo walikumbukwa baadaye, kwa sanamu zilizosimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 katika miji ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ya Nairobi ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Lakini kumbukumbu iliyo hai zaidi haimo katika shaba. Imo katika jina la mtaa: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, majina yaliyotoholewa kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi na kulainishwa na vinywa vya watu.

Tahadhari katika Kufasiri

Msomi hapaswi kuridhika na kila fasiri isimuliwayo. Watu hupenda kulipa jina kisa, na kisa kitamu husadikiwa upesi. Samburu ya Kinango, kwa mfano, imo katika nchi ya Waduruma, nayo isichanganywe na jamii ya Wasamburu wa kaskazini kwa sababu tu sauti zinafanana. Vivyo hivyo, anayeona jina Maungu asikimbilie kulihusisha na mungu au maungo kwa kuwa Kiswahili kina maneno hayo.

Vigezo vitatu vyaweza kumsaidia mtafiti. Kwanza ni umbo: je, mofolojia ya jina inakubaliana na lugha inayodaiwa kulizaa? Mbuyuni na Kengeleni hupita mtihani huu bila shaka. Pili ni mazingira: je, kitu kinachotajwa kipo au kilikuwapo mahali hapo? Maji ya Chumvi huthibitishwa na ulimi wa yeyote atakayeyaonja. Tatu ni maandishi ya awali: wasafiri wa karne ya 19 waliliandikaje jina hilo, na je, linatangulia tukio linalosemekana kulizaa? Jina likipita vigezo vyote vitatu laweza kutumiwa kama ushahidi wa kihistoria. Likipita kimoja tu, kama ilivyo kwa Voi, libaki kuwa simulizi, nalo lielezwe hivyo.

Hatari Iliyopo

Tarehe 31 Mei 2017 ilizinduliwa huduma ya abiria ya reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi. Vituo vya kati vya abiria ni Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Maji ya Chumvi, Taru, Mackinnon Road na Maungu, vilivyokuwa na vituo katika reli ya zamani, havimo. Hapana ubaya katika mwendo wa kasi, na hakuna anayetamani kuvuka Taru kwa miguu. Hata maji ya chemchemi za Mzima husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa, na kiu iliyozaa majina haya imepungua kwa wengi. Hata hivyo, jina ambalo halisomwi katika kituo, halitangazwi na halichapwi katika tikiti huanza kuwa mali ya wakazi wachache. Wakiondoka wazee wanaojua kwa nini mahali paliitwa hivyo, linabaki ganda.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 huwezesha majengo na maeneo kutangazwa kuwa turathi za taifa. Mnara waweza kuzungushiwa uzio na msitu waweza kuwekewa mlinzi. Jina halina uzio. Mlinzi wake ni mtu anayelijua na kulieleza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba majina ya nyika ya Taru yamefanya kazi ya alama za kihistoria kwa njia tatu: yalimwelekeza na kumwonya msafiri, yalihifadhi kumbukumbu za makazi ya awali, na yaliandika mfuatano wa mamlaka yaliyoitawala njia. Yameonyesha pia kwamba majina yaliyotolewa na watu wa kawaida hutunza historia ambayo majina ya heshima huificha.

Mambo mawili yanafuata kutokana na hayo. La kwanza ni kwamba mabango ya njia hii yangefaa kueleza maana ya majina pamoja na kuyataja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa, na hapana mahali panapostahili zaidi kuonekana urasmi huo kuliko katika majina ambayo Kiswahili chenyewe kiliyazaa. La pili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Wengi wao hutafuta mada za utafiti katika riwaya na tamthilia, ilhali wanapita Taru kila wafungapo na kufungua chuo. Daftari, orodha ya vituo vya reli ya zamani na mazungumzo na wazee wa Kiduruma, Kitaita na Kikamba vyatosha kuanzia kazi. Wazee wenyewe hawatangoja reli ya tatu.